Nani Anairusha Hii?

Kila jioni, sahani zikishaoshwa, mume wangu Merle hujifuta mikono, husema "Nashuka kidogo," kisha hushuka ngazi kwenda chumba cha chini ya nyumba. Hiyo kidogo yake ndiyo iliyonizeesha. Huko chini anaunganisha ndege ndogo za plastiki. Enzi zake za kazi alikuwa anapiga ribiti, zile pini za kuungia mabati, kwenye mabawa ya ndege za kweli, kiwandani hapa hapa Wichita, Kansas, halafu anarudi nyumbani kubandika mabawa ya ndege za uongo. Alipostaafu nikadhani sasa atazichoka ndege. Kumbe ndiyo kwanza amepata nafasi.

Mimi huko chini nilikuwa nashuka king'ora cha kimbunga kikilia tu. Tunakaa kwenye viti vya kukunja, redio katikati yetu, mimi naomba Mungu na yeye ananyoosha shingo kuangalia kama rafu zake zinatikisika. Hatari ikipita napanda zangu. Sikuwahi kuangalia kilichokuwa kwenye rafu. Niliona mabawa tu, mengi, na vumbi halikuwepo, jambo lililoniudhi, maana huku juu mwenzangu hajawahi kushika kitambaa.

Sasa majira ya baridi dada yangu Twila, aliyekimbia theluji akahamia Mesa kule Arizona, akapata nyumba inapangishwa mlango wa pili na kwake. Vyumba viwili, jua mwaka mzima, majirani wanatembeleana. Akanipigia.

"Velda, mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Pasaka. Wewe hapo unangoja nini? Mume wako unamwona wakati wa kula tu."

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Jioni zangu nilikuwa nakaa na televisheni nisiyoisikiliza, nahesabiwa kuwa mke wa mtu.

Nikamwambia Merle tukiwa tunakula. Akaweka uma chini.

"Mesa?" akasema. "Nyumba za kule hazina chumba cha chini."

Hakusema kule hakuna kanisa letu, wala hakusema kule hatuna marafiki. Nilicheka kicheko cha hasira.

"Nisikilize, mzee. Tangu umenioa sijajua huko chini unaona nini. Nataka kujua. Nichagulie ndege moja, ya mtu asiyejua kitu, niiunganishe mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Nikiona unachokiona, namwambia Twila hatuji. Nisipokiona, tunauza nyumba na wewe hutanung'unika."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Nilitegemea atafurahi. Badala yake alinywea kabisa, akaacha hata pai ya tufaha, na Merle haachi pai hivi hivi.

Jumamosi akanipeleka dukani kwa Royce Pankratz. Yeye na Merle walipiga ribiti pamoja, na alipostaafu akafungua duka la hizi ndege, maboksi kutoka sakafuni mpaka darini. Merle alikuwa ameshampigia simu. Nilijua kwa jinsi Royce alivyonipokea mlangoni, kama mgonjwa aliyeletwa kwa daktari.

"Shemeji, karibu! Nasikia kuna mtihani."

"Mtihani ni wa huyu," nikasema, nikimwonyesha Merle kwa kidole. "Mimi ndiye msahihishaji."

Kwa kuwa sikuwa najua kitu, nilienda moja kwa moja kwenye boksi zuri kuliko yote. Juu yake kulikuwa na ndege ya zamani yenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na nyaya nyembamba zikipita katikati. Nikalishika. Wote wawili wakanyoosha mikono kwa pamoja.

"Hapana, hapana," Royce akasema. "Hiyo picha imechorwa na mchoraji, shemeji. Ndani hamna picha. Ndani kuna vipande, na hizo nyaya unazifunga mwenyewe moja moja, kwa uzi. Kuna watu wazima wamelia humu ndani kwa sababu ya hiyo ndege."

"Nani?"

Royce akamtazama Merle. Merle akatazama dari.

Basi nikaanza kuuliza, na nikishaanza kuuliza huwa sinyamazi. Kwa nini boksi hili limeandikwa moja ya sabini na mbili na lile moja ya arobaini na nane? Wakaniambia namba ikiwa kubwa ndege inakuwa ndogo. Nikawaambia huo ni wendawazimu. Wakasema sivyo, chukua ndege ya kweli uigawe mara sabini na mbili, utabaki na kitu cha kukaa kiganjani. Igawe mara arobaini na nane tu, utabaki na kikubwa zaidi. Nikafikiri mikate inavyokatwa nikakubali. Kwa vidole vya mtu anayeanza, Royce akasema, kikubwa kidogo ni bora, mradi vipande visiwe vingi. Kwa nini vioo vya madirisha ni shida? Kwa sababu gundi ikivigusa vinaingia ukungu na ukungu huo hautoki. Na hili boksi kuukuu, lina ubaya gani? Vipande vya siku hizo havikutani vizuri, utaziba nyufa kwa lipu na kupiga msasa mpaka uchukie maisha.

"Utajuaje kama vinakutana?"

Hapo Royce akafurahi kweli. Alifungua boksi moja, akakata kutoka kwenye fremu yake ya plastiki pande mbili za kiwiliwili cha ndege, akazibana pamoja kwa vidole bila gundi yoyote, akaniinulia kwenye taa. "Angalia kwenye maungio. Unaona mwanga?"

"Sioni."

"Basi hiyo ni nzuri. Ukiona mwanga, rudisha."

Nilifurahia jambo hilo kuliko nilivyotaka waone. Nikazishika mwenyewe, nikazibana, nikazigeuza kwenye taa tena na tena. Merle alikuwa ananitazama huku amebana pumzi.

Akaniletea ndege moja ya kijivu. Injini moja, bawa chini, vipande vichache. "Hii kila mtu anaanzia hapa," akasema.

"Hivi vijiti vya mbele ya bawa ni nini?"

"Bunduki."

"Merle Schrag!" Mimi nimelelewa kwenye kanisa ambalo watu walikubali kufungwa jela kuliko kushika bunduki, na yeye amelelewa humo humo, tena benchi la mbele yetu. "Huko chini kwangu kumejaa bunduki?"

"Ndogo ndogo," akasema. Royce aligeuka ukutani, mabega yanamtikisika.

Mwishowe nikaiona mwenyewe, rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya magari. Ndege ya mashindano ya zamani, nyekundu, fupi, nene, ya mtu mmoja, isiyo na bunduki hata moja. Plastiki yenyewe ilikuwa nyekundu tayari kwa hiyo rangi ilikuwa ya kugusia tu. Kioo kimoja kidogo. Nikamwambia Royce abane zile pande mbili. Hatukuona mwanga.

"Shemeji," Royce akasema taratibu, "wewe unatuzidi. Sisi tungebishana hapa mpaka Jumatatu."

Njiani Merle aliendesha gari taratibu kuliko kawaida. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ikikushinda si lazima tuuze nyumba wiki hiyo hiyo, eti?" Nikamwambia tutaona. Nilimhurumia lakini sikulegeza.

Kesho yake baada ya ibada nilivaa aproni, nikachukua miwani ya kusomea, nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe bila king'ora. Merle alikuwa amenitengenezea mahali pazuri: taa, mto kwenye kiti, kibano, gundi, na sinia limefunikwa kitambaa cheupe. Akakifunua kitambaa.

Ndege yangu ilikuwa karibu imekwisha. Vipande vyote vilikuwa vimekatwa kwenye fremu, vimepigwa msasa, vimepangwa safu. Kiwiliwili kilikuwa kimeshafungwa na kukauka. Mimi nilibakishiwa mabawa, magurudumu na mkia.

"Nimekuondolea yale magumu," akasema, amejaa furaha. Alikuwa ameamka alfajiri kuifanya kazi hiyo.

"Merle, nilisema mwanzo mpaka mwisho."

"Huo mwanzo ndio unaowakatisha watu tamaa."

"Umenitafunia nimeze tu!"

Hasira ilinipanda, lakini nilijikaza nikaketi, nikachukua karatasi ya maelekezo. Nilitaka angalau kuona nilichonyimwa. Ilikuwa michoro mitupu, na mchoro wa kwanza kabisa haukuwa wa bawa wala wa injini. Ulikuwa wa kiti, na mtu mdogo anayeshuka kukaa juu yake, amevaa kofia ya ngozi, mikono mapajani. Nikatafuta kwenye sinia. Nikainua kiwiliwili nikachungulia kwenye kitundu cha rubani. Kiti kilikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Huyu yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyu, kipande cha kwanza."

"Aa, huyo." Akavuta droo ya meza bila hata kufikiri, akatoa chupa ya jamu. "Hao hatuwaweki."

Chupa ilikuwa imejaa watu. Weupe, wa kijivu, wa kijani, wengine wamekaa mikono mbele kama wanaoendesha, wote wamebanana, hawajapakwa rangi, wengine kichwa chini. Wa kwangu alikuwa juu kabisa, nilimtambua kwa wekundu wake.

"Mbona hamuwaweki?"

"Hakuna anayewaweka, Velda. Muulize Royce. Ndege yako iko chini, imeegeshwa, magurudumu nje. Rubani anafanya nini ndani ya ndege iliyoegeshwa? Halafu mtu wa plastiki anaharibu. Kila kitu kinaonekana cha kweli, ukimtia yeye inakuwa mdoli. Majaji kwenye mashindano wanaanza kukata alama kwake."

Nikainuka kwenye kile kiti chenye mto, nikaenda kwenye rafu. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu niliziangalia. Sitasema uongo, zilinipendeza. Kulikuwa na uchafu wa mafuta kwenye injini ambao niliugusa nikitegemea kuchafuka. Kulikuwa na ngazi ndogo, kiti chenye mikanda ya unene wa unywele, saa ndogo mbele ya kiti zenye mishale. Nikachungulia moja, ya pili, nikaenda hivyo rafu kwa rafu.

"Hii nani anairusha?"

"Hakuna. Imeegeshwa."

"Na hii?"

"Nimekwambia."

"Zote? Ukuta mzima huu, maisha yetu yote, hakuna hata moja yenye mtu?"

Akairudisha chupa kwenye droo. Nilikuwa nimeshuka kutaka kuona anachokiona mume wangu jioni zote zile, na nilichokiona ni viti vitupu vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Niliona uchungu, na pia niliogopa kidogo.

"Fungua yangu," nikamwambia. "Mweke ndani."

"Haifunguki. Gundi ya plastiki haishiki kama gundi nyingine, inayeyusha. Hizo pande mbili sasa ni kipande kimoja."

"Basi hukunipa ya kuanzia. Umenipa ya kwako," nikasema, nikavua aproni nikapanda juu. Bieroki, vile vimkate vya kujazwa nyama na kabichi, zilikuwa kwenye jiko, kabichi inanukia nyumba nzima, nikazitoa nikala peke yangu nimesimama.

Siku zilizofuata tuliongea mambo ya lazima tu. Umeme, barua, daktari wa meno. Merle alishuka kama kawaida, ila sasa nilikuwa nasikia anatembea huko chini, anasimama, anatembea tena. Twila alipiga nikamwambia Jumapili atapata jibu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima makabati kwa macho, lipi litaingia kwenye vyumba viwili.

Alhamisi mchana, nikiwa nakunja nguo, nikasikia mlio mmoja mkavu kutoka chini. Halafu Merle akatoa neno ambalo hatulitumii. Nikasimama kwenye ngazi.

"Umejikata?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Njoo. Tafadhali."

Alikuwa amekaa chini ya taa, mbele yake ile ndege ya rangi ya fedha inayokaa katikati ya rafu ya juu na utepe wake wa buluu wa ushindi. Hiyo hata mimi nilikuwa naijua. Kwa ndege hiyo alishinda jimbo zima la Kansas, tukala nje, na Royce alimwonea wivu mwaka mzima bila kuficha. Kioo chake cha rubani kilikuwa pembeni, kimeng'olewa kwa kisu, ufa umekipasua kutoka ncha mpaka ncha.

"Merle! Umefanya nini?"

"Ya kwako haifunguki," akasema. "Hii kioo chake nilikibandika kwa gundi nyepesi, nikasema pengine itakubali. Imekubali. Kiasi." Alikuwa ameshang'oa ile mikanda ya kiti, aliyoitengeneza majira yote ya baridi, na ilikuwa imelala kwenye meza ikiwa takataka. Kwenye ncha ya kibano alikuwa ameshika mtu mmoja wa kijivu kutoka kwenye chupa. "Haingii. Miguu ni mirefu. Itabidi nimkate magoti."

"Hiyo ndiyo uliyopewa utepe!"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Aliweka kibano chini. Merle si mtu wa maneno. Alipoanza kusema alikuwa anaitazama ndege, si mimi.

"Yale niliyokwambia ya kuegeshwa, ya majaji, ni kweli, kila mtu anasema hivyo. Lakini mimi mwanzoni niliwaweka. Nilimtia wa kwanza kabisa, tulipokuwa tumehamia tu hapa. Siwezi uso, Velda. Bawa naweza, chuma chakavu naweza, kutu naweza. Nikichora macho anatoka kama mtu anayenyongwa. Nilijaribu, nikajaribu, nikaona aibu. Nikaja kusikia kumbe wakubwa wote hawawaweki, nikashukuru Mungu." Akasukuma chupa upande wangu. "Nenda Mesa ukitaka. Nitakuja, na sitanung'unika. Ila usiende unafikiri nilikuwa sitaki mtu ndani."

Niliketi. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili kwa sababu nilikuwa nimeshamchukua yule wa kijivu kuangalia uso wake. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Pua ilikuwepo. Macho yalikuwa vishimo viwili tu.

"Mkate magoti," nikasema. "Halafu nipe brashi ndogo kuliko zote."

Nitasema ukweli, nilimharibu. Ngozi yake ilitoka na rangi ya tambi. Jicho la kwanza liliangalia injini, la pili likaangalia mkia. Merle aliinama juu ya bega langu, ameziba mdomo, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Huyo anatua ubavu!" akasema.

"Nyamaza wewe mnyongaji!"

Tulicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikamfuta kwa pamba nikaanza upya, na mara ya pili alitoka afadhali, mtu mwenye wasiwasi lakini mzima. Tukamketisha. Kioo kilirudi na ufa wake. Nikaiinua ile ndege kwenye taa, na kutoka ndani, nyuma ya ufa, kulikuwa na mtu ananitazama. Nikasikia moyo unaruka. Nilirudi kwenye chupa bila kuulizwa, nikatoa mwekundu wangu, halafu wawili wengine.

Jumapili Twila hakungoja hata jioni ifike. Simu ililia huko juu, na mimi nilikuwa chini, miwani puani, pumzi nimeibana. Merle hapokei simu, hata ya mchungaji haipokei. Nilimsikia anapanda ngazi.

"Hapana, ni mimi," alisema. "Mimi, Merle. Yupo. Hapana, hawezi kuja, ana kazi." Kisha akaja mpaka kwenye mlango wa ngazi, akaziba simu kwa kiganja. "Velda, anataka jibu lake."

Sauti yake ilijitahidi isiombe, nami niliisikia ikijitahidi.

"Mwambie hatuji," nikasema bila kuinua kichwa. "Aje yeye wakati wa kiangazi. Halafu shuka unishikie taa, huyu bado jicho moja."